Peremende ya Padri Qiu

Mama mkwe wangu alikwisha kufeli mtihani wa ubatizo mara mbili, na Jumapili ile mwanangu Enhui alikuwa anabatizwa. Mama alitaka wabatizwe pamoja.

"Mtoto wa miezi sita anipite mimi? Hata meno hana!"

Basi Ijumaa Padri Qiu akaja kumjaribu mara ya mwisho, jikoni, maana ndiko kwenye joto. Msalaba ulining'inia juu ya jiko, palepale alipokaa mungu wa jikoni wa imani yetu ya zamani miaka arobaini. Picha yake tulikuwa tumeibandua, mazoea yakabaki ukutani. Zamani, kila mwaka ukiisha, Mama alimpaka yule mungu peremende ya sukari ya kimea, inayonata, mdomoni, ili akipanda mbinguni kutoa habari za nyumba aseme matamu tu.

Nilikuwa nanyonyesha. Kabla sijafumbua mdomo, Mama alishamsukumia padri kipande cha peremende hiyo, kinene kama kidole gumba.

"Tafuna, Padri! Usione haya, upo kwako."

Padri akatafuna. Akasita. Macho yakamtoka. Alipovuta ile peremende, meno yake ya bandia ya juu yakaifuata yote.

"Mama! Umemng'oa padri!"

"Mimi? Ni sukari hiyo. Lete maji ya moto, acha kucheka."

Sikuwa nacheka. Alikuwa Enhui, tena kwa kwikwi.

Tuliyaloweka meno bakulini mpaka yakaachia. Padri akayavaa, akajifuta kidevu. Nikajua tumekwisha.

"Mama Geng, sukari ya nini?"

"Ukienda kunisemea huko juu, unisemee vizuri."

"Mungu hahitaji habari zangu. Anaona mwenyewe."

Mama akashika ukingo wa meza. "Yote?"

"Yote."

"Hata bata wa Bibi Shang?"

"Bata gani?"

"Hakuna bata. Lakini anaona, na bado ananitaka?"

"Bado."

Mama akaketi polepole kwenye kigoda, akafuta macho kwa aproni.

"Bila peremende? Padri, yule mungu wa jikoni alikuwa ananila bure!"

Padri akafunga daftari la maswali. "Umefaulu. Bata umrudishe."

Jumapili walibatizwa, mjukuu kwanza, bibi akimfuata huku amenyoosha shingo. Baada ya Misa Mama akagawa peremende kanisa zima, na siku hizi tunagawa kila mwisho wa mwaka. Padri naye huchukua. Ila yeye hufyonza tu.