Rangi ya Papai

Mume wangu alikuwa mhunzi wa visu, na miaka sita ya mwisho ya kazi yake alikuwa haoni. Wateja hawakujua. Walimkuta ameinama juu ya fuawe, nyundo inapanda na kushuka, cheche zinaruka, wakasema, "Fundi huyu ana jicho!" Jicho lenyewe lilikuwa langu. Nilikaa kwenye kigoda pembeni, navuta mivukuto ya kupulizia moto, nimetulia kama mtu asiye na habari.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Nikamwambia mzee wangu, "Hongera, umejifungua mapacha." Hakucheka. Daktari alitaka kumpasua, akakataa katakata. Mtu amefua visu tangu hajaota ndevu, lakini umtajie kisu cha hospitali, anakimbilia chooni.

Tukapanga mambo yetu wawili. Kufua hakukumsumbua, maana mkono unakumbuka na chuma kinaongea: kikiwa na moto kinalia kizito, kikipoa kinalia kama kengele. Shida ilikuwa rangi. Kisu kikishapata umbo kinarudishwa motoni mara ya mwisho, halafu kinatumbukizwa kwenye ndoo ya mafuta ili kiwe kigumu. Ukikichomoa mapema kinabaki laini, hata mkate kitaurarua tu. Ukichelewa kinaungua kwa ndani. Ukikitazama ni kizuri kama bwana harusi, ukikigonga kinavunjika. Katikati hapo pana nafasi fupi kuliko chafya, na anayeiona ni jicho. Basi nilikuwa nasema kwa sauti ya chini, mteja asisikie: "Nyanya." Kisha: "Papai." Papai lililoiva, nyama yake ya ndani. Nikisema papai, anachomoa, anatumbukiza. Ikishafika rangi ya kiini cha yai, kisu kimeharibika.

Nimemdanganya mume wangu mengi. Umri wangu niliupunguza miaka mitatu, na hakuwahi kuipata. Nilimwambia mama yake alinipenda. Nilimwambia ana sauti nzuri ya kuimba, akaimba miaka arobaini. Lakini rangi sikuwahi kumdanganya, naye alijua. Aliniita Bi Upepo kwa sababu ya mivukuto, akawa na msemo wake: "Bi Upepo ni mwongo mpaka afike motoni."

Mtoto tulijaliwa mmoja tu, binti. Alipokuwa anasimama juu ya kreti ili aione meza ya jikoni, baba yake alimwahidi, "Siku utakayopata jiko lako la kazi, nitakufulia kisu." Akakua, akasomea upishi, akapikia huku na kule. Siku moja akaja na barua mkononi, hajui acheke au aketi. Kazi hoteli kubwa, nchi nyingine, unapanda ndege mbili ndipo ufike.

"Baba, ile ahadi."

"Njoo nikupime, mama'ngu." Akamshika kiganja, akakipima kwa vidole vyake vyote, upana, kina, urefu wa gumba, polepole kama anasoma.

"Siondoki bila kisu changu," binti akasema. "Kikiwa tayari tu, naondoka."

Alisema kwa furaha. Mimi maneno yakaniingia vingine. Kikiwa tayari. Na kisipokuwa tayari?

Mzee alikata kipande cha springi ya lori, akakifua siku tatu. Sijapata kumwona akifanya kazi vile. Alikivuta chuma kikawa chembamba kama ulimi, akakinyoosha mgongo, akakitengenezea mkia wa kuingia kwenye mpini. Siku mbili nyingine alikipiga tupa, akisimama kila mara kukipitisha kwenye mdomo wake wa chini, maana alisema mdomo unajua bonde ambalo kidole hakilijui. Binti alikuwa amekaa mlangoni anatazama. Ikafika zamu ya rangi.

"Nyanya," nikasema.

Kikawa papai. Papai zuri, ungelila. Nikafunga mdomo. Nikavuta mivukuto mara moja, na mara nyingine.

"Vipi?" akauliza.

"Nyanya bado."

Kikapita papai, kikawa kiini cha yai.

"Papai," nikasema.

Akatumbukiza. Mafuta yakalia, moshi ukapanda. Kilipopoa akakigonga kwenye ukingo wa fuawe, kama alivyokijaribu kila kisu maishani mwake. Kikakatika kama biskuti.

Aliokota vipande, akapitisha gumba pale palipovunjika. "Chembe kubwa," akasema. "Kama sukari. Hiki kimeungua."

"Kitaunguaje, na mimi nimesema papai kikiwa papai?"

Akavigeuza vipande mkononi. "Basi chuma kibovu. Lori lenyewe lilikuwa bovu." Wakacheka, yeye na binti yake. Mimi nilicheka kuwashinda.

Akaanza upya, springi nyingine, ya basi safari hii. Niliapa nitasema kweli. Nilikuwa na nia hiyo mpaka asubuhi yenyewe, nilipopita chumbani nikamkuta binti anazikunja sweta, moja juu ya nyingine, nguo za baridi ambazo kwetu huvai hata ukiugua malaria. Nikaenda kwenye kigoda changu. Nikafanya vile vile.

Safari hii alikaa na vipande mkononi muda mrefu, gumba likienda na kurudi. Halafu akaniuliza, mbele ya mtoto, "Rangi ilikuwa papai?"

Mlango ulikuwa wazi, kilichobaki ni mimi kupita.

"Papai," nikasema.

"Basi ni mimi," akasema mzee wangu. Akavua aproni yake ya ngozi, akaitundika msumarini.

Hoteli haikungoja zaidi. Binti akaondoka na kisu cha dukani chenye mpini wa plastiki, akamwambia baba yake hicho ni cha muda tu. Nilikuwa nimejipatia siku kumi na tisa. Unataka kujua nilizifanyia nini? Alizitumia kuaga marafiki. Nyumbani alikuja kulala na kuuliza sabuni iko wapi.

Mzee hakurudi karakana. Wateja wakija anawajibu yeye mwenyewe kutoka kwenye benchi la barazani, "Fundi amekwisha. Nendeni dukani." Nikambembeleza, "Tufue hata kijiko."

"Kwa mkono gani? Mkono huu umeniaibisha mbele ya mwanangu."

Miezi minane. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Nikachemsha chai, nikaiweka mbele yake, nikakaa, chai ikapoa, nikainuka. Na mimi ndiye mtu anayejulikana mtaa mzima kwa mdomo! Nimewahi kumsema kiongozi wa ibada usoni kwake kuhusu soksi zake. Hili dogo likanishinda.

Halafu akapooza, upande wa kulia. Mkono ule ukafa kweli.

Nilimwambia saa nne asubuhi, namlisha uji. Niliona nikimaliza bakuli bila kusema, sitasema tena.

"Mzee, vile visu viwili. Havikuwa papai."

"Vilikuwa nini?"

"Yai."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo, nikaufuta.

"Ili asiende," akasema.

"Ili asiende."

Akapeleka mkono wa kushoto akaushika ule wa kulia, uliokuwa umelala mapajani mwake kama wa mtu mwingine. "Basi ulikuwa mzima," akasema. "Miezi minane, Bi Upepo. Ulikuwa mzima."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Uji uliganda juu, ndipo akasema, "Kawashe moto."

Kisu cha tatu nilikifua mimi. Nilimkalisha kwenye kiti chake karibu na fuawe, akawa anafua kwa masikio.

"Kimepoa hicho, rudisha."

"Nimekirudisha sasa hivi tu!"

"Rudisha, nakisikia. Na nyundo hiyo, unapiga kama unaua mende."

"Mende nawaua vizuri sana."

"Ndiyo nasema. Hiki usikiue."

Siku kumi na mbili. Mikono ilinitoka malengelenge, nikayafunga vitambaa. Kupiga tupa nilipiga vibaya, akanifundisha kwa mdomo. Hata lile la kukipitisha mdomoni nililifanya, akacheka nilipojikata. Ilipofika rangi nilisema kwa sauti kubwa, mtaa wote usikie kama unataka: "Nyanya! Nyanya! Papai!" Nikachomoa, nikatumbukiza. Kilipopoa nikakigonga kwenye ukingo wa fuawe, macho nimefumba. Kikalia. Mlio mrefu, safi.

Akanyoosha mkono wa kushoto nikampa. Akakipitisha mdomoni. "Kimepinda kidogo kwenye ncha."

"Kama aliyekifua."

"Mpe mwanangu," akasema. "Mwambie kisu cha kwake ni hiki."

Mpini hakuushika. Alikufa siku ya nne yake, mchana, akinisubiri nimletee maji.

Binti alikuja kwenye mazishi. Wageni walipokwisha kuondoka, nilimwonyesha kile kisu cha tatu, hakina mpini bado, akakikumbatia kama mtoto mchanga. "Kikiwa tayari, mama, naondoka. Wamenipa siku chache."

Nilikata mguu mmoja wa kiti cha mzee, mti mgumu, nikaupasua, nikaanza kuuchonga. Nikaupiga msasa. Nikauona haujalala vizuri kiganjani, nikaupiga msasa tena. Siku iliyofuata nikaona rangi yake haijakaa sawa, nikaupaka mafuta, ikabidi tungoje yakauke. Kisha matundu ya misumari ya shaba sikuyaamini. Siku ya tano binti akaja karakana, akasimama mlangoni palepale alipokuwa akikaa.

"Mama, bado?"

"Bado kidogo," nikasema.

Nikajisikia nilivyolisema. Sauti ilikuwa ileile. Nyanya bado.

Nikaweka msasa chini, nikamwambia yote, kuanzia papai la kwanza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatazama aproni kwenye msumari.

"Baba alinipigia simu," akasema. "Mwezi ule ule nilioondoka. Aliniambia nisimtajie mtu huko kwamba baba yangu anafua visu. Alisema atanitia aibu." Akameza mate. "Nikamtii, mama. Huko hakuna anayejua. Nimewaambia alikuwa dereva."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, sikuupata.

Akaja akakaa kwenye kigoda changu, akaubana mpini kwa mikono miwili juu ya fuawe. "Piga," akasema. Nikapiga misumari mitatu ya shaba, nikaisawazisha kwa tupa mpaka kidole hakioni ilipo. Akakipitisha kisu kwenye gazeti, kikakata bila sauti. Akakizungushia ile aproni, akakitia ndani ya begi.

Kesho yake asubuhi, akiondoka, hakunikumbatia. Alinishika bega kidogo, kama mtu anavyojiegemeza ukutani akivaa kiatu.

Vile visu viwili vya kwanza ninavyo, vipande vinne. Viko juu ya fuawe. Nikishafagia napitisha gumba pale palipovunjika. Chembe kubwa, kama sukari. Haihitaji macho, kipofu angejua. Na alijua, siku ileile alijua. Ila aliniuliza rangi, nikamjibu, akaniamini mimi kuliko gumba lake.