Ukuta Kama Yai

Aliyesema nyumba ilikuwa imechakaa hakukosea, lakini hakuna aliyemuuliza. Nyufa zilikuwepo, lipu ilikuwa imebanduka hapa na pale. Mama alijua yote hayo kuliko mtu yeyote, maana macho yalimtupa mkono siku nyingi, haoni kitu, na hizo nyufa ndizo zilizombakia. Ufa mpana, jikoni. Lipu ya chenga chenga, ile marehemu mumewe aliyoibandika harakaharaka bomba lilipopasuka, bafuni. Matundu ya misumari, mlangoni pa chumba chake. Alipitisha kiganja ukutani akaenda anakotaka, chai akapika mwenyewe, na mtu akijitia kumshika mkono aliambiwa aende akashike mambo yake.

Basi akaenda kwa dada yake kukaa wiki moja, na kitindamimba wake akapata nafasi.

Kijana alikuwa amenunua mashine ya umeme ya kupulizia rangi. Ina kikopo chini na pua mbele, ukiibana inanguruma na kurusha rangi nyembamba kama mvuke. Tangu siku hiyo kilichosimama hakikusalimika. Alipulizia viti, akapulizia geti, akapulizia hata kistuli cha kufulia ambacho hakuna aliyewahi kukitazama mara mbili. Mama alipoondoka, akaigeukia nyumba. Akaziba kila ufa, akapiga msasa, akafunika madirisha kwa magazeti, akapulizia kuta na milango rangi ya mafuta, ile ile moja kila mahali, akarudia na kurudia mpaka zikateleza. Majirani wakaja kushangaa, na kichwa kikamvimba.

"Mama, gusa," alimwambia siku aliyorudi, hajaweka hata mkoba chini. "Nyumba imekuwa kama yai."

Mama akagusa. Akasema ahsante mwanangu, maana mtoto akikupa kitu unashukuru kwanza, mengine baadaye. Kisha akasema anakwenda kubadili nguo.

Koridoni kiganja kilitafuta matundu yake ya misumari kikakuta utelezi. Akaenda mbele, utelezi. Akarudi nyuma, utelezi. Akashika kitasa cha kwanza alichokipata, akaingia, akavua gauni, akaketi kitandani apumzishe miguu. Ndipo mlango ukafunguliwa, na sauti ya mkwewe ikasema taratibu, kwa aibu, "Mama, hapa ni kwetu."

Chumbani kwa mwanawe na mkewe, jamani. Mtu mzima na heshima zake, amekaa na shimizi juu ya kitanda cha mkwewe, ndani ya nyumba aliyoijenga yeye na mumewe tofali kwa tofali. Alivaa gauni nyuma mbele.

"Si neno, Mama," mkwe alisema. "Ukitaka kwenda popote niite tu, nitakushika mkono."

Binti wa watu hakuwa na baya. Lakini neno hilo lilimchoma Mama kuliko aibu yenyewe. Alikuwa ametoka kumwona dada yake akiishi hivyo hivyo: leo anashikwa mkono kwenda chumbani, kesho kwenda chooni, sasa kakalishwa kitini tangu asubuhi, haruhusiwi kuinuka asije akaanguka. Na dada yake pia alianza kwa kuambiwa si neno. Mama alitoka akasimama koridoni, akamwita mwanawe.

"Yai, siyo?" alisema. "Haya niambie, yai lina mlango?"

"Sikuelewi, Mama."

"Chumba changu kiko wapi?"

Kijana akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Si hicho hapo."

"Hicho kipi? Nioneshe kwa mkono wangu, siyo kwa macho yako."

Kicheko kikamkauka. "Mimi nilijua unapita kwa mazoea tu," alisema mwishowe.

"Umekulia humu ukiniona napapasa ukuta kila siku ya Mungu, na hujawahi kuniuliza napapasa nini."

Mama hakungoja jibu, alikwisha kwenda zake, kiganja ukutani, hasira ikimtangulia. Karibu na mwisho wa korido vidole vikakwama. Rangi ilikuwa imechuruzika pale ikaganda, michirizi minene kama nta ya mshumaa.

"Hapo pasamehe, Mama," kijana alisema haraka. "Niliisogeza mashine karibu mno, nikakawia, rangi ikamwagika. Kazi mbovu. Kesho napiga msasa."

"Hapa ni wapi?"

"Pembeni mwa mlango wa bafu."

"Ukipagusa na huo msasa wako tutakosana mimi na wewe." Akaipapasa michirizi tena, toka juu mpaka chini. "Lete hiyo mashine."

"Mama, watu wataona. Watasema sijui kazi."

"Waseme mpaka wachoke. Wao wanakuja kutazama, wanaondoka. Anayekaa humu ni mimi."

Mashine ikaletwa, ikanguruma. Kando ya mlango wa Mama kijana alinyoosha mkono, na mkono ukaanza kwenda huku na huko, vizuri, laini, kama ulivyozoea. Mama akaukamata. Akausukuma mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, akaubana palepale usiende popote, na wote wawili wakasikia rangi ikidondoka sakafuni. Kwake akataka mchirizi mmoja mrefu. Jikoni akataka mingi, mipana, hata mgonjwa wa homa aipate.

Rangi ilipokauka, jirani mmoja alikuja na mgeni wake kumwonesha zile kuta za sifa. Wakasimama koridoni, wakauliza uchafu ule umetokea wapi kwenye kazi nzuri namna ile. Kijana aliinamisha kichwa, akasema ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Mama alikuwa anakuja nyuma yao, sinia la vikombe mkono mmoja, mwingine ukutani.

"Pisheni," aliwaambia. "Mmesimama mlangoni kwangu."