Ngata za Nguzo za Kinyala

Jumamosi asubuhi Atupakisye alipokuwa akifagia kanisa la zamani la Kinyala, nguzo iliyo karibu na kiti cha maungamo ilimwomba ngata mpya.

"Hii imelika, mjukuu wangu. Paa linanifinya utosi."

Atupakisye akaegemeza ufagio ukutani, akaenda kwenye migomba nyuma ya sakristia. Akachuma majani makavu, akayalowesha, akayasokota ngata ya duara, kama ya kutwikia ndoo kichwani. Alipopanda ngazi, nguzo ilivuta pumzi ikainua paa kidogo, naye akaichomeka ngata chini ya boriti. Upande ule haukuvuja tena.

"Ya kwenye maungamo?" aliuliza bibi yake, Esnath, alipohadithiwa nyumbani, huku akimenya ndizi. "Huyo ni marehemu Elina. Tulipobeba mawe ya kanisa kutoka mtoni, sisi wasichana, kila mmoja kwa nguzo yake, hakuna ngata iliyomridhisha."

"Na nguzo yako, bibi?"

"Ile iliyopinda. Nilikuwa na mimba ya baba yako. Haijaanza kusema, maana mwenyewe bado nasema." Akageuza ndizi mkononi. "Ningependa jina langu liwe pale mlangoni kabla haijaanza."

Jiwe la mlangoni lilikuwa na majina mawili, la padri na la fundi. Kwa ajili ya jubilei ya kanisa, kamati ilikuwa inaagiza jingine la marumaru. Atupakisye, ambaye hata sokoni huuliza bei kwa kunong'ona, akaenda kwenye kikao.

Mwenyekiti, mzee Lutufyo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nguzo tunazijua, binti. Huyo Elina hunikemea nikisinzia. Lakini jiwe ni dogo. Tukiandika waliobeba, kesho watakuja waliopika."

"Waliopika ni haohao," alisema Atupakisye.

Wajumbe wakacheka, wakaendelea na suala la maturubai.

Siku ya jubilei pazia la jiwe jipya likavutwa: padri, fundi. Watu wakapiga makofi. Bibi Esnath alipita mlangoni bila kupapasa jiwe, akaenda kuegemea nguzo yake iliyopinda. Mwenyekiti akaanza kusoma risala ya kumsifu fundi.

Atupakisye akasimama katikati ya kanisa.

"Shikamoo, bibi Elina," alisema kwa sauti.

Watoto wa katekisimu, waliokuwa nyuma yake, nao wakaamkia.

"Marahaba," nguzo ikajibu. Ikajibu ya pili, na iliyofuata, mpaka altareni. Kwenye ile iliyopinda, bibi Esnath akaitikia mwenyewe.

Mwenyekiti alisubiri salamu ziishe, akageuza karatasi, akaendelea na fundi.