Ruhusa ya Mkono wa Kushoto

Siku jeshi lilipomkataa mtoto wangu, nilikuwa sokoni Kamembe napima sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na nusura nimrushie mtu kopo la kupimia. Mtu mwenyewe ni Honorine, jirani yangu wa meza, mwanamke ambaye hajawahi kusikia neno akalimeza.

"Pole, Maman Gaju," akaniambia, mdomo unahuzunika na macho yanacheka. "Nasikia jeshi haikamatake bilema."

Kilema! Gaju wangu! Nilijifunga kitenge kiunoni barabara, na kila mtu pale sokoni anajua Drocella akijifunga kitenge ni vita. Wateja wakanishika. Nilifunika samaki zangu, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani Giheke, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu hadi dereva akaniuliza kama niko na simu sikioni.

Nilimkuta mtoto amekaa kwenye ngazi ya jiko, bado amevaa viatu vya kukimbilia. Gaju ana miaka ishirini. Anapanda kilima cha kwetu na gunia la mihogo kichwani huku anaimba, na vijana wanaomfuata wanafika juu ndimi ziko nje. Katika mbio za usajili aliwaacha wasichana wote na wanaume wengi. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Balinikatala, Maman," akasema. "Banasema sitaweza kufyatua bunduki. Juu ya kidole."

Kidole hicho kina habari yake. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mkanda wa mashine ya kusaga mihogo ya baba yake ulimkata ncha ya kidole cha kuonyeshea, mkono wa kuume. Kikabaki kifupi na kigumu, hakikunjiki vizuri. Lakini ninyi hamumjui Gaju! Yeye ni wa kushoto tangu tumboni. Kulima, kushoto. Kuchinja kuku, kushoto. Akimrushia kunguru jiwe kwa ule mkono wa kushoto, mwombeeni kunguru.

"Na mukono wa kushoto?" nikamuuliza. "Haukubaonyesha?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nibapatie bakubwa mukono wa kushoto? Maman, ungenichinja."

Ni kweli, ningemchinja. Kwetu, kuanzia Bukavu nilikokulia mpaka hapa Rusizi tuliporudi, mkono wa kushoto haumpi mkubwa hata chumvi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na mimi nauza samaki, najua kukunja. Tangu ananyonya nilimfundisha: kwa mkubwa unapokea kwa kuume, unatoa kwa kuume, unaandika mbele yake kwa kuume. Mtu asije kuniambia nilikosea. Nenda uulize mlima mzima kama kuna msichana mwenye adabu kumshinda Gaju.

Basi ndivyo ilivyokwenda. Daktari wa jeshi alimpa chuma cha kubana ili apime nguvu, mtoto akakipokea kwa kuume. Akamwambia abane, akabana kwa kuume. Wote waliokuwa pale ni wakubwa, wote wana nyota mabegani, na mkono wake wa nguvu aliuficha nyuma ya mgongo kwa heshima. Wakaona kidole kifupi, wakaona mshale wa chuma haupandi, wakamwambia arudi nyumbani. Tena walimweleza vizuri, bila dharau, kwamba Jumatano kuna komisyon inayosikiliza waliokataliwa kwa sababu ya afya. Mtu akiwaonyesha kwamba kasoro yake haimzuii kazi, wanaweza kumpa derogasio, yaani ruhusa ya pekee.

Mume wangu Wenceslas alitoka mashineni, mweupe kwa unga mpaka nyusi, akasikiliza yote.

"Maman Gaju, bakubwa balishasema," akasema taratibu. "Mutoto anabakia kwetu. Shida iko wapi?"

"Shida njo wewe!" nikamjibu. Alirudi mashineni bila neno.

Yeye hakuwa na sisi mwaka ule mvua iliposhusha mlima juu ya nyumba za majirani. Askari walikuja kuchimba, na kati yao kulikuwa na mwanamke mwenye koleo, tope mpaka kifuani, aliyemtoa bibi mmoja akiwa hai. Gaju alikuwa mdogo, amenishika kitenge. Hakuniuliza kama wanawake wanaruhusiwa. Aliniuliza wanaanza wakiwa na miaka mingapi. Toka siku hiyo hakutaka kazi nyingine, na mimi nikataka kila ninachokiona kwake kifike kule anakotaka yeye.

Tukajizoeza. Mimi nilikuwa meja, nimekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. "Wewe musichana! Kamata hii, kwa kushoto!" Mkono wake wa kushoto ulitoka, ukafika nusu ya njia, ukarudi wenyewe nyuma ya mgongo, na ule wa kuume ukaja mbele. Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye hatukucheka tena. Nilimfokea, nikambembeleza, nikamtishia kumnyima chakula. Wapi! Akinitazama usoni tu, mkono unakimbia. Malezi yangu yalikuwa yameingia mpaka kwenye mfupa.

Jumatano komisyon ilikaa uwanjani, kwenye kiwanja cha mpira cha shule, maofisa watatu nyuma ya meza, daktari akiwa mmoja wao. Sisi wazazi tulizuiwa nyuma ya kamba. Gaju alipoitwa alikwenda amenyooka vizuri, mpaka mama mmoja akaniuliza, "Huyu eko wako?" Nikamwambia, "Wangu, nilimuzaa mwenyewe," kana kwamba wengine wa kwao waliwanunua dukani.

Daktari akamnyoshea kile chuma cha kubana. Na mtoto wangu, Mungu wangu, akanyosha mkono wa kuume.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Gaju, kushoto!"

Uwanja mzima ukageuka. Niliona bega lake la kushoto linatetemeka, lakini mkono haukuja. Nikaruka kamba. Askari wa zamu akanizuia, kijana mpole, akawa ananiita Maman huku ananisukuma.

"Nani anapiga kelele pale?" akauliza meja aliyekaa katikati. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kigumu.

"Ni mama yangu, Afande," Gaju akajibu. Na wallahi hata pale hakusema kwa aibu.

"Basi aje hapa aseme, kuliko kutupasua masikio."

Nikaenda. Sasa, mdomo wangu wote huu, nilipofika mbele ya ile meza ulikauka. Nilikunja goti kidogo, nikapiga makofi mawili polepole kama tunavyoomba radhi kwa wakubwa.

"Bazee," nikasema, "munisamehe. Huyu mutoto ni wa kushoto. Nguvu yake yote iko kule. Lakini mimi nilimukataza kupatia mukubwa kitu kwa mukono wa kushoto, na anaogopa kubakosea heshima. Juzi hakubaonyesha mukono wake. Alibaonyesha adabu yake. Sasa ninaomba mbele yenu: mimi mama yake ninamupatia ruhusa. Na ninyi mumupokee bila kukasirika."

Meja hakucheka. Aliniangalia, akamwangalia daktari, akajikuna kidevu. Nadhani naye ana mama mahali fulani.

"Binti," akasema, "umesikia mama yako. Na mimi pia nakupa ruhusa. Toa mkono huo."

Gaju alinigeukia mimi kwanza. Nikamkubalia kwa kichwa. "Samahani kwa mkono wa kushoto, Afande," akasema, sauti inapotea, na mkono ukatoka nyuma ya mgongo, mzima, wenye sugu la jembe.

Alikibana kile chuma. Daktari akainama kuangalia mshale, akavua miwani, akaivaa tena. "Rudia," akamwambia. Akarudia. Daktari akawaonyesha wenzake kimyakimya, na yule wa pembeni akapiga mluzi. Wakaleta bunduki isiyo na risasi. Aliiweka bega la kushoto, akafyatua, akafyatua, kila walipomwambia afyatue, na kidole hakikuchelewa hata mara moja.

Yule wa pembeni bado alikuwa na neno. "Bunduki hizi zinatema maganda upande wa kulia. Wewe ukilenga kwa kushoto yatapita mbele ya uso wako, tena ya moto. Utafanyaje?"

"Nitayazoea, Afande," Gaju akajibu. "Mashine ya Papa inatema mihogo usoni kwangu kila siku, na sijawahi kuangusha gunia."

Hapo meja akacheka, cheko fupi, akachukua kalamu. "Derogasio imekubaliwa," akasema. "Atakwenda na kundi hili. Gari linaondoka Jumatatu."

Nilipiga vigelegele, jamani! Nilipiga mpaka wale akina mama nyuma ya kamba wakanipokea, hata wale ambao watoto wao walikuwa bado hawajaitwa. Nilitamani Honorine awe pale, nimwoneshe kilema wangu. Kifua kilinijaa mpaka nikaona kitenge kinanibana. Mtoto wangu amewashinda na heshima yake haikupotea!

Meja akangoja nimalize. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, sasa kwa upole, "wewe ndiye mzazi uliyekuja. Kwetu hatumchukui mtoto kama kuku wa sokoni. Unatupatia?"

Neno lile lilinipata. Siku zote hizi nilikuwa napigania wampokee, na sikukaa hata dakika moja kufikiri kwamba akipokelewa, anaondoka. Nikaona kitanda chake Jumanne asubuhi. Nikaona vile Wenceslas alivyorudi mashineni kimya, nikajua alikuwa anaogopa nini, na kwamba mimi nilikuwa nimemfokea bure.

Gaju alikuwa ananitazama. Ningesema hapana, angerudi nami Giheke bila kunung'unika, kwa sababu ndivyo nilivyomlea.

Kwetu kitu kikubwa hakitolewi kwa mkono mmoja, uwe wa kuume au wa kushoto. Nilimshika mabega kwa mikono yangu miwili, nikamsogeza mpaka mbele ya meza yao.

"Ninabapatia," nikasema. "Mumupokee vizuri."

Meja akasimama, na wale wenzake wawili wakasimama. Nilirudi nyuma ya kamba nikiwa nalia kwa sauti, na sikumficha mtu machozi yangu.