Shoti ya Tisa

Namchukia Seok Tae-gyu, na nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Vijana wa filamu huru wanaojaa kwenye vile vijumba vya sinema vya viti sitini hapa Seoul humtaja "Mwongozaji Seok" kwa sauti ya ibada. Mimi nimemshikia maiki katika filamu sita. Namjua.

Anayeniuma ni Tak Hye-won, mwigizaji wake. Filamu kumi na nne, miaka kumi na minane, na mpaka leo kila asubuhi anakunja wali wa mwani kwenye kibanda cha soko la Mangwon ili mchana awe huru kwenda kwenye usaili. Televisheni imempa "muuza samaki wa pili" na "nesi anayepita". Lakini mweke mbele ya kamera moja, kwenye chumba cha baridi, bila poda usoni, halafu uone. Hakuna anayemfikia nchi hii, na atakayebisha namnasa kibao.

Jumamosi alikuja kula kwangu, kama kila Jumamosi. Nilikuwa nimepika mchuzi wa kimchi, ile kabichi yetu chachu, na nyama ya nguruwe. Alivua viatu huku anachungulia sufuria.

"Dada, watu wa televisheni wamenipigia. Mama wa mhusika mkuu. Vipindi hamsini!"

"We! Muuza samaki kapanda cheo!"

"Jumatatu nawakatalia."

Kijiko kikaniponyoka.

"Mwongozaji Seok anaanza filamu mpya mwezi huohuo. Milimani tena. Kaniandikia mimi."

"Kakuandikia wewe kwa sababu hakuna mjinga mwingine atakayelala sakafuni miezi miwili kwa sahani ya wali na asante."

"Usianze, dada. Yule ndiye aliyenitengeneza."

Aliyenitengeneza! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Miaka kumi nyuma tulipiga filamu kule milimani Taebaek, kwenye nyumba ya kuazima. Hye-won alikuwa mke wa mchimba makaa, amesimama jikoni akisubiri majina ya waliofukiwa mgodini. Tukio hilo tulilirudia shoti baada ya shoti, na ile ya tisa ndiyo iliyoleta tuzo. Hadi leo, kila filamu hiyo ikionyeshwa, Seok husimama mbele ya watu na kujisifu: "Nilimkataza asilie, ndiyo maana mnalia ninyi." Na Hye-won, pembeni yake, huinama kwa heshima.

Siku ileile ya shoti ya tisa, mama yake Hye-won alifariki hospitalini, mjini Mokpo. Kaka yake, Gi-hun, alisema alipiga simu ya kundi letu saa tisa alasiri, akaomba mama asikie japo sauti ya binti yake. Hye-won alipiga saa kumi na moja, mama keshaondoka. Seok akaapa kwamba hakuna simu iliyoingia, mtandao wa milimani ni mbovu. Hye-won akamwamini Seok. Kwetu, mtoto asiyekuwepo mzazi anapokata roho huibeba aibu hiyo maisha yake yote, na yeye hakutaka kuibeba peke yake. Akamwita kaka yake mwongo mbele ya waombolezaji. Tangu siku hiyo hawasemezani. Kumbukumbu ya mama ikifika, Gi-hun anaandaa meza yake ya tambiko Mokpo, na Hye-won anaandaa yake kwenye chumba cha kupanga, peari mbili na kikombe cha pombe.

"Acha kula," nikamwambia. "Kaa hapa."

Nikafungua kabati, nikatoa rekodi za Taebaek. Miaka kumi nilikuwa nazo. Nikatafuta siku ile, nikabonyeza.

Jiko la Taebaek likajaa chumbani kwangu, birika likichemka. Kisha sauti ya msaidizi wa Seok, chini chini, nyuma ya maiki yangu: "Mwongozaji, kaka yake Hye-won yuko kwenye simu. Mama yao anakata roho. Anataka kusikia sauti yake tu."

"Mwambie yuko mbali. Mwanga unatuishia, na nyumba si yetu. Akijua, leo hatuna kazi."

"Ni dakika mbili tu, mwongozaji."

"Nimesema zima hiyo simu. Shoti ya sita, haya!"

Hye-won aliacha kutafuna. Tonge likabaki shavuni.

Sikuruka mbele. Nilitaka amsikie Seok vizuri, akimbembeleza: "Safi sana, mara moja tena." Shoti ya saba. "Mara moja tena tu." Ya nane. Sitadanganya, nilikuwa naona raha. Nilimtazama usoni nikisubiri chuki iingie, ile niliyoilea peke yangu miaka yote.

"Kwa hiyo Gi-hun alisema kweli," akanong'ona.

"Alisema kweli."

Shoti ya tisa ikapita. Seok akapaza sauti, "Kata! Hiyo ndiyo yenyewe!" Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono kuzima, Hye-won akanishika kiganja.

"Imeisha," nikasema.

"Iache, dada."

Ikaja sauti ya mwanamke, kavu, yenye kujiona: "Jamani, asiondoke mtu! Nataka ukimya wa chumba. Dakika moja kamili."

Sisi wa sauti huuomba ukimya huo kila mahali, wa kuzibia mapengo ya sauti filamu ikikatwa na kuunganishwa baadaye. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au nilijisahaulisha. Tulikaa tukaisikiliza dakika nzima: birika likipoa, koti la mtu likisugua ukuta, na pumzi ya Hye-won karibu na maiki, pumzi ya mtu aliyechoka na kuridhika.

"Huyo ni wewe."

"Ni mimi. Ile ni kazi, Hye-won, kila siku tuna—"

"Ulikuwa na hedifoni masikioni."

"Ndiyo."

"Tangu shoti ya sita ulikuwa unajua."

Nilikuwa na majibu. Kwamba nilikuwa mgeni kwenye kundi, kwamba Seok angenifukuza. Nilijiandalia hayo miaka kumi na yote yalikuwa kweli.

"Nilijua."

Aliinuka, akavaa viatu bila kufunga kamba.

"Jumatatu nawakubalia wa televisheni. Seok nitamwambia mwenyewe." Akageuka mlangoni. "Seok ni bosi tu. Sijawahi kula kwake. Kwako nimekula kila Jumamosi."

Mlango ukafungwa. Nikasikia akishuka ngazi, kisha akasimama.

"Kaka. Ni mimi. Usikate, tafadhali, usikate."

Halafu akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukwaruza koo, hakikufanana hata kidogo na ule ukimya tuliourekodi. Nikasimama nyuma ya mlango nikakisikiliza mpaka mwisho, na sikufungua.