Ubeti Uliosubiri Koridoni

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Japani, kwenye jengo la karaoke, viatu nimevishika mkononi. Sijawahi kufika Japani. Hata pasipoti sina.

Koridoni ameketi ubeti. Nilimtambua mara moja, maana alikuwa mfupi, ana mistari minne na koti la mvua.

"Shikamoo," nikamwamkia, kwa kuwa alionekana amekaa pale siku nyingi.

"Marahaba. Mimi ni ubeti wa tatu wa wimbo wa mwavuli. Walipourekodi waliniambia nisubiri nje kidogo, redioni hakuna nafasi. Ndiyo nasubiri."

Wimbo wa mwavuli ulikuwa kipenzi cha marehemu mke wangu, Salha. Kaseti alipewa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, waliyefundisha naye hesabu pale Korogwe, na Salha akawa anaucheza jikoni huku anakoroga mboga. Maneno yake tulitafsiriwa: umeondoka, mpenzi, umesahau mwavuli wako. Basi, umeishia hapo. Salha naye aliondoka vivyo hivyo, asubuhi mzima, jioni hayupo, wala hakuniaga. Miaka yote hii natamani neno lake moja tu la kwaheri.

Nikaingia chumbani. Bi Tomoe, mtunzi wa wimbo, amesimama na kipaza sauti. Zamani alimtungia binti mmoja, binti akauimba ukavuma nchi nzima. Sasa Bi Tomoe ni mtu mzima na anauimba mwenyewe, polepole. Mashine ya karaoke imevaa tai, inampunguzia alama.

"Umechelewa tena," inasema. "Binti wa kwenye rekodi haimbi hivyo."

"Lakini nimeutunga mimi."

"Hongera. Fuata rekodi."

Kwenye skrini za karaoke huonyeshwa watu wasiohusika kabisa na wimbo, wanatembea tu ufukweni. Safari hii anaonyeshwa Salha. Amejifunga kanga, ameshika mwiko, anacheza. Nikagusa kioo. Kilikuwa cha moto kama sufuria.

"Mama," nikamwambia Bi Tomoe, "yule wa koridoni mwache aingie, tafadhali. Nataka kumsikia."

"Hawezi kuingia kwa mwendo huu, baba. Mashine inakimbia mno. Mpaka izimwe."

"Ukinizima, na huyo anayecheza anazimika," mashine ikasema. "Ndio utaratibu, ndugu mteja."

Chumba sasa ni jiko letu la Korogwe, na mashine imekaa mahali pa friji. Salha bado anacheza. Naliona hata jasho la shingoni mwake. Nampenda sana mwanamke huyu, nawaambia wote waliomo, hata mashine. Mashine inajibu kwamba imesikia.

"Sikulazimishi," anasema Bi Tomoe, anajipepea kwa karatasi ya bei za vinywaji.

Nikamtazama Salha mpaka akamaliza kuzunguka. Kisha nikachomoa waya.

Gizani Bi Tomoe akaanza upya, taratibu, kwa sauti yenye mikwaruzo. Ubeti wa tatu akaingia, akavua koti, akapanga viatu vyake mlangoni vikitazama nje, kama ilivyo desturi ya kwao, akaketi kwenye kiti cha Salha. Akaimba kwa Kijapani, na sauti ilikuwa ya Salha, na nilielewa kila neno.

"Sikuusahau. Nilikuachia wewe, maana mvua ilikuwa bado inanyesha."

Hayo tu. Nililia mpaka nikaamka.

Kumekucha. Binti yetu, Nuru, yuko jikoni anachemsha chai, anaimba huku amefumba mdomo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaimba nini?"

"Hata sijui. Ni ule wa mama, nadhani, ila leo nimeamka nao polepole hivi."

Akaendelea kukata mkate. Nikasimama mlangoni, nimeshikilia fremu kwa mikono miwili. Akafika mwisho wa ubeti wa pili, pale ambapo kaseti hunyamaza, na yeye hakunyamaza.