Bangili Iliyofuliwa

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona doa, mkono unamwasha. Umpe shati lenye wino, atalisugua mpaka wino uombe radhi. Umpe suruali, ataipiga pasi mpaka uogope kukaa nayo. Kwa sifa hiyo alipata wateja, akaoa, akalea. Kwa sifa hiyo hiyo nusura afukuzwe ukweni.

Yote yalianza na koti. Ndani ya bitana yake Dobi alikuta pini ya kale ya kifuani, yenye jiwe jekundu. Akampelekea mwenyewe mbio, naye mwenyewe akacheka: "Kaa nayo, Dobi. Ilikuwa ya bibi yangu, hata sijui inafungwaje." Basi, hapo Dobi akawa mkusanyaji wa vito vya kale. Utu uzima una mitihani yake: wengine huangukia pombe, wengine siasa, yeye akaangukia vito.

Mama mmoja muuza vya kale, lenzi ikining'inia shingoni, alimfunza pa kuanzia: geuza nyuma kabla hujasifia mbele, tafuta muhuri wa fundi, pima uzito kiganjani. "Na usisafishe," alimwambia. "Uzee wake ndiyo thamani yake." Mengine yote Dobi aliyashika. Hilo la mwisho aliliona ni maneno ya mtu mvivu.

Kitu cha kale kilichomkosesha raha hasa kilikuwa mkononi mwa mama mkwe wake: bangili nyembamba ya fedha laini, imefubaa, imejaa vibonyeo. Mama mkwe si mtu wa kuazimisha kitu. Tena tangu siku ya harusi alimwita Dobi "huyo bwana", hata mara moja hajamwita mwanangu, na jambo hilo lilimuuma Dobi kuliko alivyokubali kusema. Mkewe akabembeleza, akabembeleza, mwishowe mama akaivua ili ikaonyeshwe kwa muuza vya kale, ijulikane umri wake.

"Jumapili wanangu wote watakuwa hapa," alisema. "Uilete kama ulivyoichukua."

"Nitaileta nzuri zaidi, Mama."

"Sijasema nzuri. Nimesema kama ulivyoichukua."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kwa muuza vya kale hakufika. Alijifungia kibandani kwake, akaisugua bangili kwa majivu na limau, kisha akaivika kwenye ule ubao mwembamba wa kupigia pasi mikono ya mashati, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mti mpaka vibonyeo vyote vikalala. Alipomaliza ilikuwa inang'aa, laini mzunguko mzima. Dobi akajiambia, Jumapili nitaitwa mwanangu.

Jumapili sebule ilijaa. Kaka mkubwa wa mkewe, mwalimu mkuu mwenye meno ya bandia, alikalia kiti kikubwa. Dada yake alikuwepo, mke wa Dobi alikuwepo, na kitinda mimba mwenye kitambi alikuwepo. Dobi akafungua leso iliyopigwa pasi. Mama mkwe akaipokea bangili, akaizungusha kwa kidole gumba. Akaizungusha tena.

"Wako wapi?" akauliza.

"Nani, Mama?"

"Wanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila mmoja alipoota meno aliuma hapa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikizima taa huwa nawapitia kwa kidole, huyu, huyu, huyu, na huyu, ndipo nalala."

Dobi akakumbuka vile vibonyeo alivyovigonga. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si ungeniuliza, mume wangu!" mkewe akalia.

Dobi akapiga magoti. Aibu ilimkaba, lakini huruma kwa yule mama ilimzidi. "Mama, nisamehe. Maisha yangu yote nimejifunza kutoa doa. Kulirudisha sijui." Akawatazama mashemeji zake. "Ila wenye meno wote wako hapa."

Mama akamnyooshea kaka mkubwa bangili.

"Mimi ni mwalimu mkuu!" kaka mkubwa akang'aka.

"Ulipoiuma mara ya kwanza ulikuwa mwalimu mkuu?" mama akamuuliza. "Uma."

Akauma. Alipoitoa bangili mdomoni, meno ya bandia yakatoka nayo, yameing'ang'ania. Kitinda mimba akaanguka kwenye zulia kwa kicheko. Mama mkwe alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ikabidi mwalimu mkuu aume upya kwa magego mawili ya nyuma, mali yake halali. Wakafuata wadogo zake, mmoja mmoja, kila mtu akilalamika kuhusu mate ya mwenzake.

Mama akapitisha kidole gumba. Huyu, huyu, huyu, na huyu. Lakini hakuivaa. Akamnyooshea Dobi.

"Bado mmoja."

"Wamekwisha, Mama. Wote wameuma."

"Nani kakwambia wamekwisha? Uma, mwanangu."

Dobi akaipokea. Kwa mazoea tu, mkono mmoja ukatoa leso mfukoni aipanguse kwanza.

"Usifute!" sebule nzima ikapiga kelele.

Akairudisha leso mfukoni. Akaiuma bangili hivyo hivyo, na mate ya mashemeji zake wote, akakaza meno mpaka machozi yakamtoka.